Mkaa unaondoa harufu, hauondoi sumu: jibu kwa ndugu wa Hamilton

Swali lilivyokuja: "Shikamoo mtaalamu. Mimi mtu wa Kigoma ila naishi Hamilton, New Zealand, huu mwaka wa nne. Huku mtu anaruhusiwa kukeneka nyumbani kwa matumizi yake, nikanunua mtambo mdogo wa umeme wa lita 25. Nachachusha sukari kilo 8 na hamira ile ya kasi, napata spiriti ya kama asilimia 90, nachanganya na tangawizi. Shida ni harufu, inanuka hamira na kama boksi lililolowa. Mzee mmoja wa kwetu kaniambia nitumbukize mkaa wa jikoni uliosagwa, eti unatoa harufu na sumu yote, nyumbani ndo wanavyofanya. Dukani huku wanauza mkaa amilifu lakini bei imechangamka. Una tofauti gani na wa jikoni? Natumiaje? Na kweli unatoa sumu? Alafu mke wangu anauliza kama ule uliotumika anaweza kuuweka bustanini."

Marahaba mdogo wangu. Nianze na la sumu hata kama umeliweka karibu na mwisho, maana hayo mengine ukikosea utakunywa kitu kibaya cha ladha basi, ila hili ukikosea ni macho yako au roho yako. Mkaa hautoi methanoli, ile pombe yenye sumu. Si wa jikoni, si wa dukani, si ule wa bei kali kuliko yote. Hautoi. Naomba umpigie huyo mzee umwambie kwa heshima zote, na awaambie wengine, kwa sababu hiyo habari ya kwamba mkaa "unavuta sumu" imezunguka sana kwetu na watu wanaiamini kama dawa.

Sababu yake si ngumu. Mkaa unashika vitu kwa kuvigandisha kwenye kuta za vitundu vyake, na unapenda molekuli kubwa kubwa, zile ambazo hazielewani sana na maji. Methanoli ni ndogo kuliko hata pombe yenyewe ya kunywa na inaelewana na maji vizuri mno, kwa hiyo inapita tu kama mgeni asiyesimama kusalimia. Sasa fikiria, kwenye hiyo chupa una ethanoli, yaani hiyo pombe ya kunywa, nyingi kabisa inayogombania nafasi zilezile, methanoli kidogo iliyomo itapata wapi pa kukaa? Ushahidi mkubwa nenda hospitali: mtu aliyekunywa sumu za aina nyingi anapewa mkaa amilifu anywe, uifunge ile sumu tumboni, lakini aliyekunywa methanoli hapewi huo mkaa kama tiba kwa sababu madaktari wanajua haushiki pombe za aina hiyo. Anapewa dawa ya kuzuia ini lisiigeuze methanoli, au ethanoli yenyewe kwa kipimo cha daktari, na mara nyingi anasafishwa damu kwa mashine. Kama mkaa ungekuwa unaitoa wangeanza nao.

Na methanoli ubaya wake hauonyeshi sura mapema. Mtu anakunywa leo jioni, analewa kawaida, analala, kesho yake ndo ini limeshaigeuza kuwa asidi ya fomiki, tumbo linauma, pumzi inakuwa nzito, macho yanaona ukungu mweupe. Nairobi Novemba 2000 walikufa zaidi ya watu 100 kwa pombe iliyochanganywa methanoli, na wengine wakabaki vipofu. Kabale kule Uganda 2010 ikawa hivyohivyo na waragi, pombe yao kali ya kukeneka. Mimi mwenyewe nina jirani wa utotoni, mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli, leo anashikwa mkono kwenda msalani, na siku ile aliyemuuzia alimwambia usiogope hii imepitishwa kwenye mkaa. Ndo maana nikisikia hilo neno silipitishi hivihivi.

Sasa upande wako nikutoe hofu. Wewe unachachusha sukari na hamira, na sukari tupu haizai methanoli ya kutisha, ni chembe tu. Methanoli ya asili inatoka kwenye pektini, ile kitu inayofanya jemu igande, ambayo iko kwenye matunda, kwa hiyo wa mabibo au ndizi wanapata zaidi kuliko wewe, na hata wao si kwa kiasi cha kuua kijiji. Yale mauaji unayoyasikia karibu yote ni mtu kaichukua methanoli ya kiwandani, ya kusafishia rangi na kazi nyingine, akaongezea kwenye pombe ili faida iwe kubwa. Kwa hiyo ukijua kila kilichoingia kwenye ndoo yako, sehemu kubwa ya usalama umeshaipata. Ila usije hata siku moja ukachukua spiriti usiyojua ilikotoka, ukasema ngoja niikeneke upya niipitishe kwenye mkaa itakuwa safi. Haitakuwa. Hata kumwaga ile ya mwanzo hakuitoi methanoli yote, maana ikishachanganyika na maji na ethanoli haitoki yote mwanzoni kama watu wanavyodhani, inasambaa mpaka mbele huko. Na kile kipimo cha kuwasha kwenye kijiko, moto ukiwa wa bluu basi nzuri, kisahau kabisa, kinakuonyesha ni kali tu, methanoli nayo inawaka bluu.

Haya, turudi kwenye mkaa.

Mkaa wa jikoni na mkaa amilifu ni ndugu lakini mmoja kasoma mwingine hakusoma. Wa jikoni unachomwa kwenye tanuri la udongo, moto hausimamiwi, na ndani ya vitundu vyake kumebaki lami na majivu, tena na mchanga wa shambani. Ukiusaga ukautia kwenye spiriti unaongeza harufu ya moshi, na hiyo lami ina vitu visivyofaa kabisa kwenye mwili, alafu pombe kali ndo kiyeyushi chake kizuri, yaani unavikaribisha mwenyewe. Mkaa amilifu unachukuliwa mkaa wa kawaida, wa vifuu vya nazi au mbao au mboji ya kinamasini (Waingereza wanaiita peat) au makaa ya mawe, unarudishwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 800 mpaka 1000 huku unapulizwa mvuke wa maji. Mvuke unaila ile lami, unatoboa vitundu juu ya vitundu, mpaka gramu moja inakuwa na eneo la ndani la kama mita za mraba 1000. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7140, kwa hiyo kijiko cha chakula kilichojaa, gramu 7 hivi, kina uwanja mzima ndani yake. Huwezi kuupata huo kwa kusaga mkaa wa migunga kwenye kinu. Hapo ndo pesa yako inapokwenda, na kwa kweli kwa kazi hii ni halali yake.

Haya mambo si mageni. Mwaka 1785 mfamasia mmoja wa St Petersburg, Johann Tobias Lowitz, alikuwa anahangaika na myeyusho wa asidi uliokuwa unaharibika rangi, akagundua mkaa unaivuta ile rangi, akaendelea kujaribu mpaka kwenye vodka ya nafaka akaona harufu mbaya inaondoka. Kule Tennessee, Marekani, wanadondosha wiski mbichi kwenye tabaka nene la mkaa wa mti wa mepo kabla haijaingia kwenye pipa, na aliyemfundisha Jack Daniel kazi ya kukeneka ni Nathan Green, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, waliokuwa wanamwita Nearest. Natamani watu wetu wamjue huyo kuliko wanavyoijua chupa. Lakini angalia, hao wote walikuwa wanatoa harufu na ukali wa ladha. Lowitz hakutibu sumu.

Ukienda dukani usichukue mkaa amilifu wowote unaouona. Kuna wa matangi ya samaki, kuna wa filta za maji uliotiwa madini ya fedha, kuna wa barakoa za gesi uliotiwa shaba na kemikali nyingine, na kuna uliotengenezwa kwa asidi ya fosforiki au kwa kloraidi ya zinki badala ya mvuke. Yote hiyo acha. Uliza mkaa ulioamilishwa kwa mvuke, wa daraja la chakula, na muuzaji aseme wazi ni wa kusafishia spiriti. Huko kwenu New Zealand hilo si gumu, kukeneka kwa matumizi yako mwenyewe ni halali tangu 1996 na maduka ya vifaa vya watengeneza bia wa nyumbani wanao. Wa vifuu vya nazi una vitundu vidogo sana, unafaa kwa harufu nyepesi, wa mboji na mbao una vitundu vipana zaidi unafaa kwa zile harufu nzito za molekuli kubwa. Mimi nikipata wa mboji nauchukua kwanza kwa kazi ya spiriti, ila wa nazi nao ukiuwekea muda unafanya kazi vizuri. Chembe ziwe ndogo, za milimita 0.4 mpaka 1.4 hivi. Ule wa unga kama masizi una nguvu ya haraka lakini kuuchuja ni mateso, utabaki na chupa ya kijivu wiki nzima.

Sasa kosa ambalo karibu kila anayeanza analifanya, na nadhani na wewe ungelifanya: kupitisha spiriti ikiwa kali vilevile ya asilimia 90. Usifanye hivyo. Zile harufu unazozikimbia, mafuta ya fuseli, yaani zile pombe nzito zinazonuka, kama ile pombe ya isoamili inayochemka nyuzi 131 na wenzake, zinayeyuka kwenye ethanoli kwa raha zote, hazina sababu ya kuondoka zikaenda kushika kwenye mkaa. Ukiongeza maji ndo zinaanza kukosa raha, zinatafuta pa kukimbilia, na mkaa uko pale. Kwa hiyo shusha mpaka asilimia 40 au 45 kwanza. Lita moja ya asilimia 90 ukiiongeza maji mpaka ikawa lita mbili kamili, hapo una 45. Nasema mpaka ikawa lita mbili, sijasema ongeza lita moja, maana maji na pombe vikichanganyika vinasinyaa kidogo. Pima na kipimo cha pombe ikiwa imepoa, vingi vimetengenezwa kusoma sawa kwenye nyuzi 20, ukipima ya moto kitakudanganya. Na maji yawe yameshatolewa klorini, ama sivyo mkaa wako utaanza kazi kwa kula klorini badala ya harufu.

Kabla ya yote mkaa uoshwe. Mpya una vumbi na majivu yenye tabia ya magadi, usipouosha spiriti inatoka na ladha ya chaki inakausha ulimi. Nakumbuka miaka ile niko maabara ya kiwanda kimoja cha spiriti ya molasi, lilifunguliwa gunia jipya likamwagwa kwenye mnara bila kuoshwa sawasawa kwa sababu zamu ilikuwa na haraka, tukaja kukuta spiriti yote ya usiku ule imepoteza ule ukali wake mzuri imekuwa kama imepita kwenye jivu, ikabidi irudi kukenekwa upya. Nilikuwa mdogo kazini na ilinifundisha. Wewe mwagia maji ya moto, koroga, acha vumbi lielee, mwaga, rudia mpaka maji yawe meupe, alafu uchemshe kidogo uuache kwenye maji mpaka kesho yake. Hiyo kulowekwa si kuosha tu, ile hewa iliyojaa kwenye vitundu inabidi itoke maji yaingie, maana kitundu chenye hewa spiriti haiingii.

Chombo chenyewe ni bomba la stenlesi au la kioo, la upana wa milimita 40 na urefu wa mita moja na nusu. Hilo linabeba mkaa wa kama lita 1.9. Chini unafunga karatasi za chujio la kahawa mbili tatu na kitambaa cha pamba kwa nje, juu unaweka chupa au faneli kubwa. Nisikilize hapa, si bomba la plastiki la maji, lile jeupe au la kijivu la mafundi bomba, hata likiwa rahisi namna gani. Spiriti inavuta kemikali zilizomo kwenye plastiki, na zikishaingia kwenye chupa yako huzioni wala huzinusi. Bora ukae na mtungi wa kioo kuliko bomba la plastiki.

Mkaa mimina ukiwa umelowa na maji yake, kama unavyomimina uji mzito, huku unagongagonga bomba pembeni ushuke ujipange. Ukiumimina mkavu unaacha njia katikati, na spiriti ina tabia ya maji yote, inafuata njia rahisi, itapita kwenye huo mfereji mkaa mwingine wote umekaa bure. Vivyohivyo usiache juu kukauke katikati ya kazi. Bomba likiwa na maji ndo unaanza kumimina spiriti, na yatakayotoka kwanza ni maji matupu, kama robo tatu ya lita hivi, alafu yanaanza kubadilika taratibu, hapo unaweka pembeni mpaka kipimo kikuonyeshe pombe imefika. Ukimaliza unasukuma na maji juu kupata ile iliyobaki ndani.

Mwendo ni wa matone. Mimi nataka nusu lita kwa saa, isizidi. Piga hesabu: kwenye mkaa wa lita 1.9 nafasi iliyobaki kati ya chembe ni kama robo tatu ya lita, kwa hiyo kwa mwendo huo kila tone linakaa ndani saa moja na nusu. Ukifungua ikashuka kama bomba la mtaani inakaa dakika chache na itatoka inanuka vilevile, alafu utasema mkaa mbaya. Lita 5 ni saa 10. Anza asubuhi siku usiyokwenda kazini. Na kwa kipimo hicho cha mkaa mimi sipitishi zaidi ya lita 5 au 6 alafu nabadilisha, kwa sababu mkaa ukishiba haupigi kelele, unaendelea tu kupitisha, na mwishoni unaweza kuanza kuachia kile ulichokishika mwanzo. Njia ya kujua ni pua, kinga kwenye chupa ndogondogo uzipe namba, ukifika chupa ambayo harufu imerudi, hapo ndo mwisho wake.

Kama bomba ni gharama kwa sasa, kuna njia ya mtungi wa kioo, unatia mkaa uliooshwa, unafunika, unatikisa mara kadhaa kwa siku. Haifikii bomba ila inasaidia. Fanya jaribio kwanza, glasi tatu zenye mililita 200 kila moja, moja tia gramu 2, nyingine 5, nyingine 10, acha siku mbili, chuja, nusa ukilinganisha na ile usiyotia kitu. Utachagua mwenyewe. Usiuache mkaa humo wiki nyingi ukidhani itazidi kuwa safi, mkaa ukikaa na pombe na hewa unaanza kuisaidia pombe kugeuka asetaldehaidi, ile harufu ya tofaa bichi inayochoma pua, na hiyo mkaa wenyewe hauishiki vizuri kwa sababu nayo ni kamolekuli kadogo. Yaani umetoa mwizi umemfungulia mwingine.

Lakini mdogo wangu, nikikuambia ukweli wote, kwa hali uliyoieleza mkaa ungekuja mwisho kabisa. Harufu ya hamira na ya boksi lililolowa zina mahali zinapotoka, na huko ndo kwa kuanzia.

Kilo 8 za sukari kwenye lita 25 ni nyingi mno. Unaitesa hamira, na hamira ikiteswa inatoa mafuta ya fuseli na harufu zake za uchungu. Kama gramu 17 za sukari kwa lita zinakupa asilimia moja ya pombe, kwa hiyo kilo 5 kwenye lita 25 zinakupa karibu asilimia 12, na hiyo inatosha kabisa. Utapata kidogo zaidi ya nusu ya unachokipata sasa, ila utapata kitu cha kunywa. Achana na hiyo hamira ya kasi inayojisifu siku mbili imemaliza, tafuta ya kawaida, uilishe virutubisho, iache ichachuke kwenye nyuzi 20 mpaka 25, wiki moja mpaka mbili. Ikinyamaza usikimbilie kuipika. Iache itulie mahali pa baridi mpaka juu kuwe kweupe na hamira yote imelala chini, alafu nyonya ile safi ya juu tu. Ile hamira ukiichemsha pamoja inapikika, na hiyo ndo harufu unayoilalamikia. Nina uhakika nusu ya shida yako itaishia hapo.

Harufu ya boksi lililolowa ni mkia, ile ya mwisho. Umeacha mtambo uendelee kutoa kwa tamaa ya chupa moja zaidi. Kinga kwenye chupa ndogo za mililita 250, uzipange kwa mstari na namba. Mililita 150 za kwanza mwaga, usizionje, zina asetaldehaidi na asetati ya ethili, ile harufu ya kiondoa rangi ya kucha. Zinazofuata acha wazi kwa masaa machache zimefunikwa na kitambaa, kesho yake chukua kijiko cha kila moja uongeze maji, nusa. Utashangaa jinsi zinavyojieleza. Za katikati ndo zako. Zile za mwisho zenye boksi usizichanganye hata kidogo kwa kuhurumia ujazo, weka pembeni uziongeze kwenye mtambo siku nyingine. Na kama kuna harufu ya kiberiti au yai bovu, hiyo kazi yake ni shaba, tia wavu wa shaba safi kwenye njia ya mvuke.

Alafu rudia kukeneka. Shusha mpaka asilimia 40 na maji, pitisha kwenye mkaa hapo katikati, keneka tena mara ya pili taratibu. Huo mpangilio naupenda kuliko kuweka mkaa mwishoni, kwa sababu vumbi na majivu yoyote ya mkaa yanabaki kwenye sufuria ya mtambo hayakufikii kwenye glasi.

Moto sasa. Spiriti ya asilimia 40 inatoa mvuke wa kuwaka kwenye nyuzi 26 tu, hiyo ya 90 hata chini ya 20, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Nyumba za huko baridi ikija mnafunga madirisha mnawasha hita. Bomba linalodondosha saa 10 kwenye chumba kilichofungwa chenye hita au jiko la gesi ni hatari ya kweli, siyo ya kwenye karatasi. Fungua dirisha, weka mbali na moto, na chupa ya kukingia ifunikwe. Na usije ukajaribu kuufufua mkaa uliotumika kwa kuukausha kwenye oveni kama nilivyoona watu wakishauriana, mle ndani kuna pombe imejificha, oveni ikipata joto mvuke unajaa ndani, cheche moja tu unalipuka. Kuuamilisha upya kunataka yale matanuri ya nyuzi 800.

Kingine kidogo, ukija likizo Kigoma usije ukaubeba huo mtambo. Bongo gongo ni marufuku na sheria ni ya tangu 1966, halali ya New Zealand haivuki mpaka pamoja na wewe. Na hata huko ni kwa matumizi yako, siyo kuuza.

La mke wako: ndiyo, anaweza. Suuza mkaa kwa maji mengi mpaka harufu ya pombe iishe, uache kwenye ndoo ya maji siku moja nje, mwaga yale maji, alafu auchanganye na mboji ya bustani kidogokidogo kabla ya kwenda kwenye udongo. Asiumwage mbichi kwenye mche, bado una harufu zote tulizozitoa na utanyonya virutubisho vya mche kwanza kabla ya kutulia. Kwenye shimo la mboji ukikaa miezi miwili mitatu unakuwa umeshiba, hapo hata kwenye matembele utafaa.